Leo kuna baridi Doha: Kinaya katika maisha ya kila siku

Makala yetu ya leo tunaianzia mlangoni. Ni mwezi wa Julai, saa nane mchana, na hapa Doha joto limepindukia nyuzi 40. Mbele ya moja ya majengo makubwa ya maduka ya mji huu amesimama mlinzi, kijana kutoka pwani ya Kenya, sare imemganda mgongoni kwa jasho. Kila akimuona mtu anayejua kuwa anasema Kiswahili humlaki kwa maneno yale yale: "Karibu ndani, lakini leo kuna baridi. Koti umekuja nalo?"

Siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka Tabora, ana siku sita tu tangu ashuke kwenye ndege. Akamtazama mlinzi kwa huruma, akamjibu: "Baridi gani ndugu yangu, na jua lote hili? Isije ikawa una homa." Mlinzi akasema: "Homa ninayo, huu mwaka wa nne." Sote tukaangua kicheko, isipokuwa mgeni wetu, ambaye alinyoosha mkono akampima mwenzake kipaji cha uso.

Ndani ya jengo lile mna uwanja wa barafu. Watoto wanateleza humo na glavu mikononi, wazazi wao wamejifunika mashuka mazito. Kwa hiyo mlinzi hakusema uongo. Baridi ipo, tena hatua chache tu kutoka pale alipo, ila kazi yake yeye ni kulinda mlango wa kuiingilia. Mgeni wetu alipoiona ile barafu alisimama kimya kidogo, kisha akarudi mlangoni akicheka peke yake. "Kumbe!" akamwambia mlinzi, wakashikana mikono kama watu waliosoma shule moja.

Neno hilo moja, "kumbe", ndilo tunalotaka kulizungumzia leo.

Kinaya ni kitu gani?

Walimu wa fasihi wanakiita kinaya. Ni kule kusema jambo na kukusudia kinyume chake, au kukusudia zaidi ya lile lililosemwa. Mtu amekuja kwenye miadi amechelewa saa mbili, mwenyeji wake anamwambia: "Umewahi sana, hata chai haijachemka." Hicho ni kinaya cha maneno. Kipo pia kinaya cha mambo yenyewe, ambapo hakuna mtu aliyesema lolote, bali mambo yamegeuka kinyume cha vile ilivyotarajiwa. Wahenga waliliona hilo zamani, ndipo wakasema kinyozi hajinyoi na mganga hajigangi.

Baadhi ya watu hukichanganya kinaya na uongo. Tofauti yake ni kubwa. Mwongo anaomba Mungu usimgundue, lakini msema kinaya anaomba Mungu umgundue, na usipomgundua raha yake yote imeharibika. Vile vile kinaya si lazima kiwe kijembe. Kijembe kina mtu wake, kimenolewa kwa ajili yake, na hakitulii mpaka kimchome. Kinaya kinaweza kumhusu msemaji mwenyewe, kikawa hakimdhuru mtu, kikawa ni njia tu ya watu wawili kuambiana: mimi na wewe tunaona kitu kimoja.

Je, mtu atakitambuaje? Kwa kawaida kuna mambo matatu. La kwanza ni sauti: maneno ya furaha yakisemwa kwa sauti bapa, isiyopanda wala kushuka, tega sikio. La pili ni mazingira: mtu akisifu upepo mwanana huku anajipepea kwa gazeti, usimjibu haraka. La tatu, na ndilo kubwa, ni yale ambayo msemaji na msikilizaji wote wawili wanayajua. Mgeni wa Tabora hakuwa mjinga. Alikuwa bado hajaiona barafu.

Mji unaosema wenyewe

Anayetaka kujifunza kinaya cha mambo hana haja ya kitabu akiwa Doha. Karibu watu tisa katika kila kumi wanaoishi Qatar ni wageni, kwa hiyo mgeni ndiye wa kawaida na mwenyeji ndiye adimu. Nenda Souq Waqif, soko lenye kuta za udongo na dari za miti, ambalo kila mtalii hulipiga picha kama alama ya Doha ya kale. Soko lenyewe kweli ni la zamani, lakini majengo yake yalichakaa, moto wa mwaka 2003 ukaongeza hasara, na katika miaka iliyofuata yakajengwa upya ili yaonekane ya kale. Kilomita chache kutoka hapo upo uwanja wa mpira uitwao 974, uliojengwa kwa makontena ya meli kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2022. Jina lake ni idadi ya makontena hayo, na pia ni namba ya kupigia simu nchi hii. Huo uliundwa ili baada ya mashindano ufunguliwe vipande na kuondolewa. Desemba 2024 bado ulikuwa umesimama, na mechi ya kimataifa ikachezwa ndani yake. Hivyo kipya kimejifanya cha kale, na cha muda kikakaa.

Kombe lenyewe lilituachia mengine. Tarehe 22 Novemba 2022, katika uwanja wa Lusail, Saudi Arabia iliifunga Argentina mabao 2 kwa 1. Riyadh wakatangaza siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Tarehe 18 Desemba, katika uwanja ule ule, Argentina ndiyo iliyobeba kombe, na Saudi Arabia ilikuwa imekwisharudi nyumbani tangu hatua ya makundi.

Wakenya wa hapa nao wana chao. Mwaka 2003, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Paris, Qatar ilitwaa dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Wakenya wamezoea kuziona kama shamba la urithi. Mshindi, Saif Saaeed Shaheen, alikuwa ni mtoto wa Bonde la Ufa aliyejulikana kwa jina la Stephen Cherono mpaka mwaka ule ule, na katika fainali hiyo alikimbia dhidi ya ndugu yake aliyevaa jezi ya Kenya. Mpaka leo, ukitaka kuwachokoza Wakenya wa Doha, wasifu hali ya hewa ya Qatar kwa kukuza wanariadha wa milimani.

Lakini kinaya tunachokipenda kuliko vyote kiko darini. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuja pwani yetu na upepo wa kaskazi, yakiwa na tende na samaki wa chumvi, na yakarudi na kusi yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Huku hakukuwa na miti ya kujengea, basi boriti zetu ndizo zilizobeba dari za nyumba za Ghuba, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Wahenga wetu waliposema penye miti hapana wajenzi, pengine walikuwa wamekaa ufukweni wakiangalia majahazi yakipakia. Leo methali hiyo imetimia kwa namna ambayo wao wenyewe wangestaajabu: vijana kutoka nchi zenye miti wamezifuata boriti za babu zao, na mahali pasipo na miti pamejaa wajenzi.

Si kila kinaya ni cha kucheka, na hili tulitie akilini mapema. Katika mtaa wa Msheireb, katikati ya Doha, ipo nyumba ya Bin Jelmood. Ilikuwa ni nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho yanayosimulia historia ya utumwa katika bahari ya Hindi, wakiwemo watu waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki, na ya Qatar yenyewe, ambako utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1952. Wazanzibari wanayajua haya, kwani kanisa kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Tulipoizuru nyumba ile tulitoka kimya, wala hakuna aliyesema "kumbe" kwa sauti.

Kijana wa metro

Turudi kwenye furaha. Waliofuatilia Kombe la Dunia la mwaka 2022 watamkumbuka Abubakr Abbas, kijana wa Kikenya wa miaka 23 wakati huo. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza mashabiki kwenye kituo cha treni cha Souq Waqif. Aliketi juu ya kiti kirefu, kipaza sauti mkono mmoja, na mkono mwingine kiganja kikubwa cha sponji chenye kidole kinachoonyesha njia, na usiku kucha alikuwa na ujumbe mmoja tu wa kuwapa watu: metro ni upande huu.

Tuseme kweli, ni kazi ya kuchosha. Mtu mwingine angeifanya kwa kununa, na mwingine angeifanya kwa uchangamfu wa kulazimishwa ambao nao unachosha. Abbas alichagua njia ya tatu. Aliyarudia maneno yale kwa sauti bapa, yenye mdundo, kama mtu anayetangaza habari nzito mno, na mashabiki wakaanza kumjibu. Yeye anauliza "Metro?" na umati mzima unamalizia kwa kuonyesha upande. Watu waliokuwa wanajua njia vizuri walipita pale makusudi ili waelekezwe. Video zake zikazunguka dunia nzima, na siku ya mechi ya Uingereza na Marekani alialikwa uwanja wa Al Bayt, akapewa maikrofoni, na maelfu ya watu wakamwitikia.

Angalia kilichotokea hapo. Hakumdhihaki mtu wala hakuikataa kazi yake. Aliifanya sawasawa na alivyoagizwa, kisha akaongeza kitu kidogo mno, mkonyezo wa sauti, uliowaambia wasikilizaji kuwa na yeye anaijua ajabu ya hali hii: mtu mzima, juu ya kiti kama cha refa wa tenisi, anasema neno moja mara elfu. Kinaya cha kweli kinafanana na hivyo. Mtu amefanya yote aliyotakiwa kufanya, na bado amebakisha nafasi ya kuwa yeye mwenyewe.

Darasa la nyumbani

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watasema kinaya ni jambo la wasomi. Sisi tunasema waulizeni bibi zenu. Mwanamke wa pwani hana haja ya kugombana na jirani yake. Ananunua kanga yenye jina linalomhusu, anaivaa upande wa jina ukiwa unasomeka, na anapita mbele ya mlango huo akielekea sokoni, na salamu anatoa kwa adabu zote. Jirani akilalamika, atajibiwa: "Mwenzangu, hii ni nguo tu, mimi hata kusoma sijui." Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Na cha kuongezea, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kanga hizo imechapishwa India na China, kwenye viwanda ambavyo mafundi wake hawajui hata neno moja la yale mafumbo wanayoyapiga chapa.

Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, aliwapa watu wake kinaya kwa udi na zumari ya sauti yake. Wimbo wake maarufu wa Kijiti unasimulia kisa cha mauaji ambamo muuaji alitoroka, na waliokwenda mahakamani kusema walichokijua ndio walioishia gerezani. Shaaban Robert naye, mwaka 1951, katika Kusadikika, aliandika habari za nchi iliyoko angani, yenye watawala wasiopenda watu wajifunze sheria. Kitabu kilitoka mbele ya macho ya serikali ya kikoloni, na aliyekuwa chini ya serikali hiyo hakuhitaji ramani ili ajue nchi ile ya angani iko wapi.

Kwa hiyo kinaya kwetu si cha kuazima. Ni urithi wa watu ambao mara nyingi hawakuwa na ruhusa ya kusema moja kwa moja, na wakaufanya upungufu huo kuwa sanaa.

Kisipoeleweka

Lakini urithi una hatari zake, na sisi tunaoandika makala haya ni ushahidi. Kwetu, nchi ambayo hatutaitaja kwa sababu ni ndogo na ina aibu, tulikuwa na safu ya kila Jumamosi katika gazeti moja. Kiongozi mmoja wa eneo letu alijenga barabara ya lami iliyoanzia njia kuu na kuishia kwenye geti la nyumba yake. Tukaandika makala ya kumpongeza. Tulisema huyu ni kiongozi anayeanza na walio karibu, na kwamba wananchi wa mbele ya geti hawajawahi kupata maendeleo ya haraka namna hiyo.

Jumatatu yake tulipigiwa simu. Ni yeye mwenyewe, anatushukuru. Akasema waandishi wengi wana roho mbaya, hawaoni mema, na akaomba nakala 20 za gazeti awagawie wageni wake. Tulimpelekea. Kwa muda wa wiki moja tulikuwa waandishi wapenzi wake. Kisha akatokea mtu, tunaambiwa ni mpwa wake aliyerudi chuo kikuu likizo, akasoma makala ile mezani na kucheka. Akaulizwa anacheka nini. Akaeleza.

Yaliyofuata hayana kichekesho na hatutayasimulia kwa urefu. Tunasema tu kwamba miaka mingi imepita sasa tangu tulale katika nyumba yetu. Na hapa Doha mkate wetu unatokana na kutafsiri kwa Kiswahili maelekezo ya usalama kazini: usiguse, shuka taratibu, kunywa maji. Mtu aliyefukuzwa na maneno yenye maana mbili analipwa ahakikishe kila neno lina maana moja. Mwanzoni jambo hilo lilituuma. Siku hizi tunalicheka, na tunaifanya kazi kwa moyo, kwa sababu mtu anaweza kupoteza maisha yake kwa kosa la tafsiri.

Hata hapa Qatar yapo ya kuzingatia. Mwaka 2021 mlinzi wa Kikenya, Malcolm Bidali, aliyekuwa akiandika kwa jina la bandia kuhusu maisha ya wafanyakazi wageni, alikamatwa mwezi Mei. Aliwekwa kizuizini karibu mwezi mzima, baadaye akatozwa faini ya riali 25,000, na Agosti akaondoka nchini. Jina la bandia lilikuwa la kumficha. Kule kukamatwa ndiko kulikolitangaza jina lake halisi duniani kote.

Siku tuliyocheka vibaya

Tulidhani baada ya hayo yote sisi ni mabingwa wa kinaya. Mlinzi wetu wa mlangoni, yule wa baridi na koti, ndiye aliyetufundisha kwamba bado ni wanafunzi.

Ilikuwa ni mwaka uliofuata. Jioni moja tulipitia pale na chai ya maziwa, tukamkaribisha kikombe. Akasema: "Ahsante mwalimu, nimefunga." Haukuwa mwezi wa Ramadhani, na mwenzetu mmoja akamtania kuwa anataka kuwatangulia Waislamu wote peponi. Akajibu: "Ramadhani itanikuta njiani." Tukacheka. Wiki ya pili tulimkuta usiku, baada ya sala ya isha, tukampa mkate. Akasema: "Hata usiku nafunga." Tukacheka zaidi, kwa kuwa lilikuwa ni jibu zuri, na sisi watu wa magazeti tunalipenda jibu zuri. Mmoja wetu aliliandika kwenye daftari.

Aliyemuelewa hakuwa sisi. Alikuwa ni mama yake, kijijini Kilifi, umbali wa maelfu ya kilomita. Katika simu ya kila Ijumaa alimuuliza mwanawe kuhusu mshahara, naye akamjibu kwa furaha: "Mshahara wa huku mama mzito, haubebeki." Mama hakucheka. Hakuuliza swali la pili. Alimuombea dua, akakata simu, na Jumatatu akauza mbuzi wawili. Fedha akampelekea mke wa kijana mwingine wa kijiji hicho hicho aliyeko Doha, ili mume wake amkabidhi mlinzi wetu kiasi hicho kwa riali. Pamoja na fedha ulikuja ujumbe: "Mwanangu, nimesikia mishahara ya huko mizito. Nimekutumia kepesi."

Ni kwa njia hiyo tulipata habari. Mwajiri wake alikuwa hajamlipa kwa miezi mitatu. Kule kufunga kulikuwa ni njaa. Tulikaa naye ukingoni mwa barabara nyuma ya jengo, akatuonyesha ujumbe wa mama yake kwenye simu, na safari hii yeye alicheka na sisi tukashindwa. Watu hutoka Kilifi kwenda Ghuba ili watume fedha nyumbani. Mbuzi wa Kilifi sasa walikuwa wanaitumia fedha Ghuba.

Kwa nini mama alielewa na sisi hatukuelewa? Tumelifikiria sana. Maneno yalikuwa ya namna moja, mzaha ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba sisi tulisikiliza ili tufurahi, na yeye alisikiliza ili amjue mwanawe yuko vipi. Anayekitumia kinaya huacha mlango wazi kidogo. Sisi tulisimama nje tukiusifu mlango.

Kesho yake tulimsindikiza wizarani kuandikisha malalamiko. Qatar ina kamati za kutatua migogoro ya kazi zilizoanza mwaka 2018, na tangu Machi 2021 ina sheria ya mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi kwa asiyepewa na mwajiri. Karatasi zilichukua muda, na muda huo tulikula pamoja kila jioni. Hatimaye alilipwa sehemu ya haki yake na akapata kazi kwa mwajiri mwingine. Mama yake alirudishiwa mbuzi, kwa mujibu wa mlinzi mwenyewe, "na riba ya ndama".

Tufanye nini basi?

Wapo watakaosema kinaya kinaficha shida, bora watu waseme wazi. Ni kweli mtu mwenye njaa aseme ana njaa, na hakuna mzaha unaojaza tumbo. Lakini kusema wazi kuna bei yake. Kijana aliyeaga kijiji kizima kwa ngoma hawezi kwa urahisi kumwambia mama yake kuwa amekwama. Kinaya kilimpa njia ya kusema bila kujivunjia heshima, na kilimfikia yule aliyejua kukisikiliza. Bila ya kinaya angesema "mshahara uko sawa", na mbuzi wale wangekuwa bado wanakula majani Kilifi.

Sisi tumejiwekea kanuni chache, na tunawapa wasomaji bure. Anza kujicheka mwenyewe kabla hujamcheka mwenzako. Usikitupe kinaya chini kwa aliye dhaifu kuliko wewe, kwani kikitupwa chini kinaitwa uonevu. Katika ujumbe wa simu, ambako sauti haipo na uso haupo, pima mara mbili, hasa kwa wakubwa. Mtu asiyekielewa usimdharau, huenda bado hajaiona barafu. Na mwenzako akitoa mzaha mzuri, cheka, kisha muulize kwa sauti ya chini: umekula?

Wiki iliyopita tulimpitia kijana wetu kazini kwake pa sasa. Amehamishiwa ndani, analinda mlango wa chumba cha mitambo ya kupozea hewa, na anavaa sweta. Tulimuuliza hali. Akajibu kwamba hawezi kulalamika, ila anakumbuka sana joto.

Tulimtazama usoni kabla ya kucheka. Alikuwa ameshiba.